Haki ya Mtoto Asiyeweza Kunyonya



Huzaliwa mtoto akawa hawezi kunyonya. Pengine amezaliwa kabla ya kutimia miezi yake, hana nguvu za kuvuta. Pengine kaakaa lake limepasuka, maziwa yakamtokea puani. Hapo ndipo yaanzapo maneno nyumbani. Huyu asema, "Maziwa yake mabaya." Yule asema, "Kukamua si kunyonyesha, mnunulieni ya mkebe." Na mama, ambaye uchungu wa uzazi haujampoa, huinamisha kichwa akajiona amepungukiwa. Twataka kubainisha ya kwamba maneno hayo hayana msingi, si katika sharia wala katika tiba.

Tuanze na sharia. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na papo hapo akamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama. Basi haki hii ina watu wawili wa kuibeba, si mmoja.

Tena wanavyuoni walio wengi wamesema kuwa maziwa yakikamuliwa yakatiwa kinywani mwa mtoto, hukumu yake ni ile ile ya kunyonya. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyoenea pwani yetu, mtoto asiyetimiza miaka miwili akinyweshwa maziwa ya mwanamke mara tano mbalimbali, huwa ni mwanawe wa kunyonya, na wanawe wakawa nduguze, hawaoani. Ndiyo sababu Mwislamu akipewa hospitalini maziwa ya mwanamke mwengine, kama yale ya benki ya maziwa iliyofunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, yampasa aulize ni ya nani. Sasa tufikiri: ikiwa kikombe chaweza kumfanya mwanamke wa mbali kuwa mama, vipi tumnyime jina la mnyonyeshaji yule aliyemzaa mtoto na kumkamulia usiku na mchana?

Ama katika tiba, jambo la kwanza kujua ni kuwa maziwa huja kwa kadiri yatolewavyo; yakiachwa matitini hupungua. Kwa hiyo mama na aanze kukamua mapema, katika saa chache baada ya kuzaa, na asidharau matone machache ya dang'a, kwani hayo ni kinga kubwa kwa mtoto. Kisha akamue mara 8 au zaidi kwa usiku na mchana, wala usiku usipite mtupu.

Aoshe mikono kwa sabuni. Aweke kidole gumba juu ya ziwa na vyengine chini, nyuma kidogo ya chuchu. Asukume kuelekea kifuani, abane, aachie, arudie. Akitumia pampu, vyombo vyake vioshwe na kukaushwa kila mara. Maziwa hukaa saa 4 katika chumba kisicho na joto kali, na joto letu la kaskazi lajulikana, basi yasicheleweshwe. Ndani ya friji hukaa siku 4. Yasichemshwe motoni, chombo kitiwe katika maji ya uvuguvugu. Kama mtoto atanyweshwa kwa kikombe, kijiko au mpira, hilo aulizwe tabibu, maana kila udhaifu una njia yake.

Enyi waume, hesabuni: mara 8, na kila mara nusu saa, ni saa 4 kila siku, mbali na kunywesha na kuosha. Hapana mwanamke awezaye hayo peke yake muda mrefu. Osha vyombo wewe. Amka naye usiku. Mama mkwe apike, wageni wapunguze maneno. Maziwa mengi hukauka si kwa ugonjwa, bali kwa uchovu wa mama aliyeachwa peke yake akakosa nafasi ya kukamua. Na mtoto huyo haki yake tutaulizwa sote.