Wodini Unatuliza Wengine, Nyumbani Je?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa tisa kazini. Wenzangu huniita wakimpata mama anayepiga kelele na kukataa kupimwa. Nikikaa naye kidogo hutulia. Miezi mitatu iliyopita mama mmoja alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Alipona, akarudi nyumbani na mwanawe. Tangu hapo nikitoka zamu ya jioni sipati usingizi. Saa nane usiku moyo unanienda mbio, vidole vinakufa ganzi, najiuliza: yule wa kitanda cha nne nilimchoma oksitosini ya kuzuia damu au sikumchoma? Nampigia mwenzangu aliye zamu, ananihakikishia, natulia, kisha naanza kumwaza mgonjwa mwingine. Najitukana kimoyomoyo: mtu mzima na vyeti vyako, huna hata haya? Nifanyeje?
Mkunga, Morogoro

Marahaba mwanangu.

Kwanza kapime. Moyo kwenda mbio si lazima uwe wasiwasi: upungufu wa damu huleta hali hiyo, na tezi ya shingo ikizidisha kazi vilevile. Na vile vinywaji vya kopo mnavyokunywa ili mkeshe havikusaidii. Wauguzi ni wagonjwa wabishi kuliko wote, lakini kapime.

Vipimo vikiwa safi, nijibu: mama wa uzazi wa kwanza akifika anatetemeka, unamwambia "huna haya"? Wapo wanaosema hivyo, na mabaya zaidi, ila wewe usingekuwa ukiitwa. Wewe unamwita kwa jina. Unamweleza kinachoendelea mwilini mwake: uchungu utapanda, utafika kileleni, utashuka. Unamkanda kiuno, unapumua naye polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Humdanganyi kwamba uchungu hautarudi. Unamwambia ukirudi utakuwepo.

Saa nane usiku, jifanyie hayo hayo. Keti kitandani, miguu sakafuni. Jieleze kinachoendelea: kupumua haraka haraka kumepunguza kabonidayoksaidi kwenye damu, ndiyo maana vidole vimekufa ganzi. Inatisha, haiui. Mshtuko wa wasiwasi nao hupanda na kushuka, na mara nyingi kilele chake huja ndani ya dakika kumi. Refusha pumzi ya kutoka, maana moyo hupunguza mwendo kidogo kila unapoitoa. Na jiite kwa jina lako. Usicheke. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliotakiwa kuhutubia mbele ya wengine: waliojisemesha kwa majina yao wenyewe walipata fadhaa kidogo kuliko waliojisemesha kwa "mimi".

Najua unachoogopa: nikijionea huruma nitalegea, na siku moja mtu atafia mikononi mwangu. Lakini umewaona akina mama waliotukanwa leba. Wanakaza mwili, wanaacha kukwambia wanachosikia. Matusi hayajawahi kuharakisha uzazi hata mmoja, na hayo unayojipa usiku hayakufanyi mkunga makini zaidi. Yanakufikisha kazini kesho yake ukiwa umechoka, na hiyo ndiyo hatari.

Sasa hizo simu, na hapa nitakuwa mkali. Ukikumbuka kosa halisi, piga mara moja, hata iwe saa ngapi. Ila kuuliza "je, kama nilisahau?" kwa mara ya tano ni jambo jingine. Kila jibu linakupa nafuu ya muda mfupi, na linakifundisha kichwa kwamba bila simu hakuna usalama. Kesho kitadai simu mbili. Kwa hiyo kazi hiyo imalizie wodini. Kabla hujavua sare, pita kitanda kwa kitanda na anayekupokea, msomeane chati kwa sauti: oksitosini yuniti 10, saa ngapi, sahihi ya nani. Usiku swali likija, jibu lake ni moja: nimekabidhi. Kuiacha simu ghafla hutaweza; chelewesha robo saa, halafu nusu saa, uone kama wasiwasi hautashuka wenyewe.

Kuna jambo hukuniandikia. Usiku ule wa damu, nani alikaa nawe? Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake muda wote wa uchungu. Lakini ninyi, nadhani, mlisafisha sakafu, mkaandika ripoti, ukapanda bodaboda peke yako. Tafuta mtu mmoja umsimulie usiku ule wote, tangu damu ilipoanza hadi ilipokata, na mtu huyo asikukatize kwa "lakini alipona". Mwombe pia matroni awakutanishe ninyi mlioshiriki, mlizungumze jambo hilo bila kutafuta mchawi.

Miezi mitatu ya kukesha inatosha kumwona daktari wa afya ya akili. Wazo la kujidhuru likikujia, nenda siku hiyo hiyo, usilale nalo. Kama unaona haya kupanga foleni mbele ya wenzako wa hospitalini kwako, Dodoma na Dar es Salaam zote ziko karibu. Omba ruhusa ya siku mbili na uende na dada yako.