Mafunzo Niliyopata: Chama cha Walimu na Mtaala Mpya

Nimefundisha shule za msingi huku Matinyani, Kitui Magharibi, muda wa kutosha kukiona Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kikiogopwa na serikali nzima, kisha kikibaki kuhesabu wanachama waliohama. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ushindi wa zamani huzeeka. KNUT iliundwa mwaka wa 1957 na ikawa mstari wa mbele kudai mwajiri mmoja kwa walimu wote. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ikaanzishwa mwaka wa 1967. Mgomo wa Oktoba 1997, chini ya Ambrose Adongo, ulizaa ahadi ya nyongeza ya asilimia 150 hadi 200. Serikali ililipa sehemu, ikasita, na mwaka uliofuata walimu wakaweka tena chaki chini. Nadhani hapo ndipo chama kilipozoea dawa moja. Mgomo humbana mwajiri anayekunyima pesa. Mtaala hauna wa kubanwa namna hiyo, maana siku ya pili watoto wako darasani na wewe ndiye wa kuwafundisha.

2. Anayepinga awe na kitu mkononi. Mwaka wa 2019 mtaala wa umilisi, CBC, ulipoingia rasmi madarasa ya chini, Katibu Mkuu Wilson Sossion alisema walimu hawajaandaliwa na vifaa havitoshi. Kusema kweli, hakuwa anapiga domo. Ninamjua mwalimu wa gredi ya kwanza aliyefunza hesabu kwa vizibo vya soda na ndengu alizotoa jikoni kwake. Alizipanga kumi kumi juu ya gunia, watoto wakapiga magoti kulizunguka. Kila jioni alihesabu zilizorudi, kwa sababu kuna mtoto aliyekuwa anazitafuna mbichi.

Likizo ya Aprili mwaka huo ikaja na mafunzo ya CBC. Chama kikaagiza yasusiwe. Kwingine nchini mafunzo yalivurugwa, na TSC ikawaadhibu walimu. Huku kwetu kuna walioenda na waliokaa nyumbani, na muhula ulipofunguliwa ofisini nikasikia, “Madam, hebu nione ulivyoandika lile azimio la kazi.” Waliosusia wakawa wanafunzi wa walioenda. Laiti zingekusanywa habari za magunia kama lile kutoka shule mia moja: wangapi wana kitabu, wangapi hawana, gredi gani imekwama wapi. Waziri wa Elimu angepata shida kujibu karatasi hiyo kuliko alivyopata kujibu hotuba.

3. Makato si imani. Ada ya chama hukatwa kabla mwalimu hajauona mshahara wake. Chama kinacholipwa hivyo hakina haja ya kubembeleza mtu. Kufikia katikati ya 2019 KNUT ilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000. Julai mwaka huo Jaji Byram Ongaya aliamua kesi kati ya TSC na KNUT kuhusu upandishaji vyeo, na chama kikashangilia. TSC nayo ikaugeuza uamuzi huo kuwa rungu: ikawanyima wanachama wa KNUT nyongeza waliyopata wenzao waliokuwa nje ya chama. Ulikuwa ujanja mchungu, na sitaisafisha TSC. Lakini walimu walijitoa kwa maelfu, wengi bila kuaga. Chini ya miaka miwili baadaye walikuwa wamesalia wachache mno.

4. Kubadilisha kiongozi si kubadilisha chama. Juni 2021 Sossion alijiuzulu na Collins Oyuu akachaguliwa na wajumbe. Mwezi uliofuata vyama vya walimu vilitia sahihi na TSC mkataba wa 2021–2025 usiokuwa na hata senti ya nyongeza. Tulitoka ubishi tukaingia upole.

5. Waliokuja karibuni hawasubiri. Januari 2023 Sekondari Msingi ilifunguliwa ndani ya shule zetu za msingi. Maelfu ya vijana waliletwa kama walimu wanagenzi, kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 mahakama ya kazi, kwa Jaji Ongaya yuleyule, ilisema TSC haina mamlaka ya kuajiri walimu wenye vyeti kwa mpango huo. Kesi ilipelekwa na shirika la kutetea utawala bora na haki, si KNUT wala KUPPET, chama cha walimu wa sekondari. Mwezi uliofuata vijana wenyewe walikuwa barabarani.

Sasa vyama hivyo viwili vinawagombea: KNUT kwa kuwa darasa liko katika uwanja wa shule ya msingi, KUPPET kwa kuwa jina lake ni sekondari. Kijana mmoja wa sayansi aliniuliza, “Mwalimu, nikijiunga, wataniuliza chochote kuhusu somo langu, ama ni fomu tu?” Nilimwambia aulize hivyohivyo mkutanoni, kabla ya kutia sahihi.