AFYA YA FAMILIA: Sekunde, Dakika na Pumzi ya Mtoto



Majira ya baridi huku Gitting na kwenye miteremko yote ya Mlima Hanang, watoto wengi hulala karibu na moto wa kuni. Kikohozi ni cha kawaida. Lakini nyuma ya kikohozi huweza kujificha nimonia, yaani homa ya mapafu, ugonjwa unaoua watoto wadogo kwa haraka. Mzazi anaweza kuutambua mapema akijua kuhesabu muda. Basi leo tujifunze vipimo vya muda.

Vipimo vyenyewe
Siku 1 ina saa 24. Saa 1 ina dakika 60. Dakika 1 ina sekunde 60. Sekunde 1 ina milisekunde 1,000. Ukitoka kipimo kikubwa kwenda kidogo, zidisha. Ukitoka kidogo kwenda kikubwa, gawanya. Kwa mfano, dakika 5 ni 5 x 60, yaani sekunde 300. Na milisekunde 1,500 ni 1,500 ÷ 1,000, yaani sekunde 1 na nusu.

Milisekunde hutumika hospitalini. Moyo unaopiga mara 75 kwa dakika hupiga pigo moja kila sekunde 0.8, yaani milisekunde 800. Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, kwa mwendo wa kawaida, kila mraba mdogo ni milisekunde 40.

Kuhesabu pumzi
Mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida ahesabiwe pumzi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Fungua nguo, tazama kifua au tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Tumia saa yenye mshale wa sekunde, au simu, uhesabu dakika 1 nzima. Mtoto anapumua haraka kupita kiasi ikiwa pumzi ni:
- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2 (hesabu mara ya pili kuhakikisha);
- 50 au zaidi, kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka 1;
- 40 au zaidi, kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5.

Kwa nini dakika nzima? Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi 1 huwa kosa la pumzi 4. Mtoto wa miaka 2 mwenye pumzi 42 anaweza kuonekana ana 36, na mzazi atabaki nyumbani. Tena watoto wachanga hawapumui kwa mpangilio mmoja.

Ukikuta pumzi za haraka, mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea sana, usingoje hata saa moja, wala usisubiri kupambazuke.

Saa za dawa
Hapa wengi huchanganya. Mganga akisema "kila baada ya saa 8", hana maana ya saa 8 mchana peke yake. Gawanya: 24 ÷ 8 = mara 3 kwa siku. Ukianza saa 12 asubuhi, dozi ya pili ni saa 8 mchana, ya tatu saa 4 usiku. Dawa ya kila baada ya saa 12 ni mara 2: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Kwa siku 5, hizo ni dozi 10. Zimalize zote, hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili.

Zoezi la familia
1. Mtoto wa miezi 8 ana pumzi 54 kwa dakika. Je, ni za haraka?
2. Dawa ya kila baada ya saa 12 imeanza saa 3 usiku. Dozi inayofuata ni lini?
3. Milisekunde 2,500 ni sekunde ngapi?

Majibu: (1) Ndiyo, zimepita 50; aende zahanati. (2) Saa 3 asubuhi. (3) Sekunde 2 na nusu.

Wazazi, wafundisheni pia bibi na watoto wakubwa wanaobaki na mdogo nyumbani mnapokwenda shamba. Dakika moja ya kuhesabu yaweza kuokoa uhai ambao Mungu ametukabidhi.