Jenereta Iliyotoka Jeshini: Namna ya Kutafuta Kasoro za Umeme

Katika karakana za jua kali za Kamukunji, Gikomba na Kariobangi, upande wa mashariki wa Nairobi, stima ikikatika kazi ya kuchomelea vyuma husimama papo hapo. Kwa sababu hiyo wako mafundi wanaonunua jenereta za dizeli zilizokwisha kutumika jeshini. Mitambo hiyo ni imara, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya duka wala nyumba. Asiyejua desturi zake huweza kuitupa mashine nzima kwa sababu ya waya mmoja wenye kutu.

KIBAO KISOMWE KWANZA

Mitambo mingi ya jeshi huwashwa kwa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Mwenye kuweka betri moja ya gari atailaumu stata bure. Tena, stima ya Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, hali mitambo mingi ya Kimarekani hutoa mizunguko 60. Jenereta yenye ncha nne za sumaku hutoa mizunguko 50 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Ikizunguka mara 1,800 hutoa 60.

INJINI ISIPOWAKA

Fundi apime betri zote mbili pamoja. Zikiwa zimejaa na zimetulia, mita huonyesha volti 25 au zaidi kidogo. Kisha apime kati ya kichwa hasi cha betri na mwili wa injini huku stata ikizungushwa. Mita ikizidi nusu volti, kasoro i katika waya wa ardhi au viungo vyake. Visuguliwe mpaka ving'ae, kisha vikazwe.

Ikiwa injini yazunguka lakini haishiki moto, atazame valvu ya umeme inayofungulia dizeli. Valvu hiyo hukatiwa umeme na swichi za ulinzi, oili ikipungua nguvu au maji yakizidi joto. Swichi mbovu ibadilishwe. Mwenye kuiunganisha moja kwa moja ili kazi iendelee ameondoa mlinzi mlangoni, na injini itaungua siku oili itakapokwisha.

INJINI YAUNGURUMA, TAA HAZIWAKI

Mara nyingi mashine iliyokaa ghalani miaka mingi hupoteza ile sumaku kidogo inayobaki katika chuma chake, na bila hiyo haiwezi kuanza kutoa umeme. Kabla ya jambo lo lote, fyuzi na brashi zikaguliwe. Zikiwa nzima, injini izimwe, waya za kirekebisha volti zitolewe, kisha betri ya volti 12 iguswe kwenye waya za koili ya sumaku kwa sekunde chache, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Waya zikirudishwa na injini ikiwashwa, mita yapasa kupanda.

TAA ZAFIFIA MZIGO UKIONGEZWA

Hapa sikio humsaidia fundi kuliko bisibisi. Mwendo wa injini ukipungua pamoja na taa, kasoro si ya umeme: achunguze chujio la dizeli na gavana. Mwendo ukibaki ule ule na volti zikashuka, basi atafute katika kirekebisha volti, brashi au viungo vilivyolegea.

HATARI ZISIZOSAMEHE

Jenereta isiunganishwe kamwe na waya za nyumba pasipo swichi ya kubadilishia, yenye kutenga kabisa waya za kampuni ya umeme. Umeme unaorudi nyuma hupita katika transfoma na kupandishwa hata maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kwamba laini imekufa, hufa yeye.

Hatari ya pili ni moshi. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Katika majumba ya ghorofa ya Eastlands, jenereta isiwekwe ukumbini, chini ya ngazi, wala karibu na dirisha la wanaolala. Mahali pake ni nje, mbali na milango, na mwili wake ufungwe kwa waya mnene kwenye chuma kilichopigwa ardhini.

Fundi akifuata utaratibu huu, akipima kabla ya kufungua, ataokoa fedha zake na uhai wa jirani zake.