Kuonyesha Nia si Kununua: Fahamu Kabla ya Hisa au Hatifungani Kuuzwa

Katika kata za delta, Mbuchi ikiwemo, mnunuzi wa kambamiti humwambia mvuvi kabla ya bamvua: "Ukipata, nitachukua kilo ishirini." Bei haijajulikana, wala fedha haijatoka mfukoni. Mvuvi hupata makadirio ya barafu ya kuandaa. Mnunuzi akighairi, hadaiwi.

Masoko ya mitaji yana kauli ya namna hiyo. Kampuni au taasisi inapokusudia kuuza hisa au hatifungani mpya, washauri na madalali wake huwauliza wawekezaji, hasa mifuko ya pensheni, benki na kampuni za bima, wangependa kununua kiasi gani na kwa bei ipi. Majibu hayo huitwa maonyesho ya nia. Husaidia kupima uhitaji na kupanga bei. Hayamfungi aliyeyatoa, na wala hayamhakikishii mgawo.

Kinachofunga huja baadaye: waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), kisha fomu ya maombi iliyojazwa na kuambatana na malipo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikilenga shilingi bilioni 53.12 za kuboresha huduma ya maji. Mwananchi aliyesema tu kwamba angependa kununua hakuwa amenunua chochote. Mwekezaji alikuwa yule aliyejaza fomu na kulipa. Maombi yanapozidi kiasi kinachouzwa, mwombaji huweza kupewa pungufu ya alichoomba na kurejeshewa salio.

Hapa ndipo matapeli hupenyeza mkono. Mtu akipita kitongojini na daftari, akiandikisha majina ya "wanaotaka hisa" huku akitoza ada ya kushika nafasi, huyo hakusanyi nia. Anakusanya fedha, na stakabadhi yake ya mkono haimpi mtu hisa hata moja. Nia ya kweli haina kiingilio. Kabla ya kutoa fedha, mkazi aombe waraka wa matarajio, asome sehemu ya hatari zilizotajwa (ndiyo inayorukwa zaidi), na aulize CMSA iwapo dalali huyo ana leseni. Aliyekwisha kutaja kiasi naye anaweza kukipunguza au kujitoa kabisa, maadamu hajawasilisha fomu na malipo.