Baba, Msaidie Mama Kuamua



Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Machakos aligusa uvimbe kwenye titi lake alipokuwa akioga. Ulikuwa kama punje ya mahindi, wala haukuuma. Alimwambia mumewe, naye akamjibu, "Tuvune mbaazi kwanza." Baada ya mavuno ikaja karo ya watoto. Alipofika hospitalini mwaka ulikuwa umekwisha, na titi lilikuwa limetoka kidonda. Tulimzika kabla ya mvua kurudi. Mumewe si mtu mbaya. Alidhani kisichouma hakina haraka.

Kansa ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Kenya. Mwaka 2022 wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa zaidi ya 7,000. Basi tujifunze mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

1. Dalili haingoji. Uvimbe mpya titini au kwapani, chuchu iliyoanza kuingia ndani, majimaji yenye damu, au ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa: ukiona mojawapo, nenda hospitali juma hilo hilo, hata ukiwa na miaka 25. Uvimbe mwingi si kansa, lakini vidole haviwezi kuhakikisha. Daktari atachunguza, atapiga picha, na ikibidi atatoa kinyama kidogo kwa sindano kipimwe maabara.

2. Kupimwa ukiwa mzima ni uamuzi. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2018 unashauri wanawake wa miaka 40 hadi 74 wapigwe picha ya matiti iitwayo mamografia. Picha hiyo huweza kuonyesha kansa kabla mkono haujaihisi, na ikiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi. Lakini ina upande wa pili. Huweza kuonyesha kivuli, mama akaitwa tena na kukosa usingizi, kumbe si kansa. Huweza pia kuikosa kansa iliyopo. Tena hugundua kansa nyingine ambazo zisingemsumbua mama maisha yake yote, naye akatibiwa bure. Jopo la wataalamu wa Uingereza lilikadiria mwaka 2012 kwamba kwa kila mwanamke mmoja anayeokolewa na upimaji huo, watatu hivi hutibiwa kansa za namna hiyo.

Akiisha kuelezwa hayo, mama mmoja atakwenda na mwingine atasema bado. Tusimlaumu yeyote. Ila kama mama yako au dada yako aliugua kansa hii, mweleze daktari mapema, maana hatari yako ni kubwa zaidi.

Baba, kazi yako ni ipi? Usimkataze, wala usimburute. Usimwambie, "Unajitafutia ugonjwa." Tenga nauli. Msindikize hadi Hospitali ya Machakos Level 5 au iliyo karibu nanyi, mkaulize pamoja: gharama ni kiasi gani? Je, anaweza kupimwa na mwanamke? Majibu yatatoka lini? Kikionekana kitu, nini kitafuata?

Na kuna neno moja ambalo mama hatakuuliza. Wanawake wengi huficha uvimbe kwa kuogopa kwamba wakikatwa titi wataachwa. Mwambie leo, angali mzima, kwamba hutamwacha. Uliahidi mbele ya altare, katika afya na katika ugonjwa.

Mama, nawe usifiche. Anayekupenda hawezi kukusaidia katika jambo asilolijua.

Mjadiliane jioni, watoto wakishalala:
- Je, kuna dalili ambayo mmoja wetu amenyamazia?
- Katika ukoo wetu, nani aliwahi kuugua kansa?
- Mama anaamua nini kuhusu kupimwa, na baba atamsaidiaje?