Dondoo muhimu: Mazoezi machache, afya tele

Afya njema haidai ada ya jimu wala viatu vya bei mbaya. Shika haya machache, uyafanye bila kukosa:

• Tembea. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, kisha kaza mwendo: uweze kuongea, lakini pumzi isitoshe kuimba.

• Jenga misuli mara 2 kwa wiki. Kaa kwenye kiti, inuka bila kujishika popote. Rudia mara 10. Halafu piga pushapu za ukutani. Ukizizoea, hamia sakafuni.

• Gawa sahani. Nusu iwe mboga na matunda, robo ugali au wali, robo maharage au dagaa.

• Punguza chumvi. Isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko 1 cha chai. Ondoa kikopo cha chumvi mezani.

• Lala vya kutosha. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi.

Una presha, kisukari au maumivu ya kifua? Muone daktari kwanza.